Bonasi Niliyoirudisha Nzima

Siku niliyosaini mkataba wa hospitali nilikuwa na furaha isiyo na akili. Kwa miaka sita nilikuwa msaidizi katika nyumba ya wazee kule Louisville: kuwaosha, kuwageuza, kuwalisha kijiko kwa kijiko, halafu jioni kukimbilia darasani kusoma unesi kipande kipande. Sasa nilikuwa nesi mwenye leseni. Hospitali kubwa ya mjini ilinipa kazi ya mchana katika wodi ya waliofanyiwa upasuaji, na juu ya mshahara ikaniwekea dola elfu kumi za kuanza kazi. Bonasi, waliiita. Msichana wa ofisi ya wafanyakazi alinigeuzia kompyuta, akanionyesha mahali pa kubonyeza, akasema kwa sauti tamu kwamba humo ndani ni maneno ya kawaida tu. Kurasa tisa. Nikasoma wa kwanza, nikasoma wa mwisho, nikabonyeza.

Mimi niliyemaliza vitabu vizito kama tofali, nikafaulu mtihani wa leseni mara ya kwanza, nilishindwa kusoma kurasa saba za katikati. Hilo linanikera kuliko yote yaliyofuata, na yaliyofuata yalikuwa mengi.

Pesa zilipoingia benki, mume wangu aliangalia simu yangu akahesabu tarakimu kwa kidole.

“Elfu sita na mia saba. Na zingine?”

“Kodi.”

“Kodi yote hiyo?”

“Ndiyo Amerika, baba.”

Hatukulalamika sana. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Iroquois, kwenye majengo yale ambayo ukipanda ngazi unanusa sombe, kisamvu cha Mkongo, ghorofa ya kwanza na maharage meusi ya Mkuba ghorofa ya pili, na kila mlango una mtu mwenye shida ya kutatuliwa. Gari la mume wangu lilikuwa limekufa gia. Kaka yake mkubwa alikuwa hospitalini Bujumbura, hawamwachii mpaka alipe. Kanisani kulikuwa na msiba. Binti yetu wa miaka kumi na miwili alihitaji meno yafungwe nyaya, na mdogo wake wa kiume viatu, kama kawaida. Kufikia Pasaka, bonasi ilikuwa imekwisha na nilikuwa nimeisahau. Niliamini ilikuwa yangu, kama mshahara.

Mwezi wangu wa kumi na tatu kazini, nikiwa wodini nabadilisha bandeji, simu ilitetemeka mfukoni mara tatu mfululizo. Alikuwa mdogo wangu wa kiume. Yeye na mke wake ndio waliokuwa wanakaa na mama Buffalo, upande wa Kensington-Bailey. Tulipotoka kambi ya wakimbizi tuligawanywa: mimi na mume wangu tukapelekwa Kentucky, wazazi na mdogo wangu wakapelekwa Buffalo, jimbo la New York. Hakuna aliyetuuliza.

“Dada, mama ameanguka jikoni. Anaongea lakini haieleweki. Mdomo umeenda upande.”

Sikumwacha amalize. Nilimwambia apige namba ya dharura saa hiyo hiyo, asimpe maji, asimpe dawa yoyote, aandike saa aliyoanguka. Kisha nikamaliza bandeji ya mgonjwa wangu, kwa sababu huwezi kumwacha mtu na kidonda wazi. Baadaye, kwenye maegesho, nilishindwa kuuona ufunguo wa gari uliokuwa mkononi mwangu.

Mama hakufa. Kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia, sehemu ya mguu, na maneno yake mengi. Nilichukua likizo ya kuuguza, majuma kumi na mawili bila mshahara, nikaenda Buffalo, nikawa kwa mama kile nilichokuwa kwa wazee wa watu. Tofauti ni kwamba wazee wa watu walikuwa wananisikiliza. Mama hakutaka kutembelea fimbo mbele ya wageni. Hakutaka kufanya mazoezi ya mkono na yule kijana aliyetumwa na kliniki, kwa sababu eti alikuwa anamshika kiwiko bila kusalimia. Nilimfundisha yule kijana kusema “shikamoo, mama”, akaisema vibaya, mama akacheka kwa nusu ya mdomo, mazoezi yakaanza.

Likizo ilipokaribia kwisha tulikaa kikao. Mdogo wangu alikuwa kiwandani tangu alfajiri, mke wake anasafisha vyumba vya hoteli. Nani atabaki na mama mchana? Nilitaka nimchukue nimpeleke Louisville. Nilikuwa nimeshamwambia mume wangu apime mlango wa bafu kama kiti cha magurudumu kitapita.

Mama alitusikiliza, kisha akasema maneno yale machache aliyokuwa nayo, moja moja.

“Baba yenu… iko hapa.”

Baba amezikwa Buffalo. Mama alikuwa anaenda kaburini kila mwezi, theluji isipokuwa nyingi. Tulimbembeleza, tukamletea mchungaji. Akasema yale yale, na alipochoka kuyasema akafumba macho kama mtu aliyezima redio.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kuhama.

Mume wangu alilisikia neno hilo kwenye simu. Yeye hakuwa mtu wa makelele. Baadaye akauliza swali ambalo mimi nesi sikuwa nimelifikiria.

“Ile kontra yako ya bonasi inasema nini?”

Jumapili baada ya ibada nilifungua ule mkataba kwenye simu, mara ya kwanza tangu nisaini, nikampigia nikamsomea. Ukurasa wa nne ulisema kwamba mfanyakazi akiondoka kwa hiari yake kabla ya miezi ishirini na minne, kwa sababu yoyote ile, atarudisha bonasi yote, kiasi cha kabla ya makato. Mimi nilikuwa na miezi kumi na sita.

“Yote?” aliuliza. “Hata ile miezi kumi na sita haihesabiwi?”

“Yote.”

“Na kodi?”

“Kabla ya makato.”

“Lakini zile hatukuzishika hata kidogo.”

“Ndiyo hivyo wanavyosema.”

Nilipiga simu ofisi ya wafanyakazi. Nilikuwa na uhakika kwamba mtu akieleweshwa ataelewa. Mimi si mtu aliyekimbilia hospitali nyingine kutafuta bonasi nyingine. Nilieleza kila kitu: kiharusi, mkono, kaburi la baba. Mwanamume aliyepokea alikuwa mpole, na upole wake ulinimaliza nguvu.

“Pole sana kwa mama yako,” alisema. “Sera ina hali mbili tu za msamaha. Hospitali ikikupunguza kazini, au kifo.”

“Kifo cha mama?”

“Hapana. Kifo cha mfanyakazi.”

“Yaani mimi nikifa, ndipo mtanisamehe?”

“Ndiyo. Katika hali hiyo deni linafutwa.”

Nilimshukuru. Mpaka leo sijui kwa nini nilimshukuru.

Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikarudi Louisville kumaliza siku zangu zilizobaki, nikaaga wenzangu wodini, wakaninunulia keki. Malipo yangu ya mwisho hayakuja. Kwenye karatasi ya mshahara palikuwa na saa zangu zote, siku zangu za likizo nilizojiwekea, halafu chini kabisa: sifuri. Walikuwa wamekata dola elfu moja na mia tisa kwa ajili ya bonasi. Sawa, nilijiambia, basi zimebaki elfu nane na mia moja. Majuma mawili baadaye, nikiwa tayari Buffalo, barua ikaja. Nilikuwa nimemshika mama kwapani nampeleka chooni, mke wa mdogo wangu akaifungua akanisomea mlangoni. Dola elfu kumi. Ndani ya siku thelathini.

“Elfu kumi kamili?” nilimuuliza.

“Kamili, wifi. Iko na nukta na sifuri mbili.”

Hapo ndipo nilipojifunza maana ya kusubiri kwenye simu. Kampuni yenye hospitali ile iliweka hesabu za mishahara ya wafanyakazi wote katika ofisi moja, Columbus, Ohio. Nilipiga mara saba. Kila mara ulikuwepo muziki ule ule wa piano, kila mara mtu tofauti, na kila mtu alitaka nianze upya: jina, spelling ya jina, tarehe ya kuzaliwa, hadithi yote. Wa kwanza alisema hakuna makato yoyote anayoyaona. Wa pili alisema makato yapo lakini nipige ofisi ya Louisville. Wa tatu, huko Louisville, akasema nipige Columbus. Wa nne alinitaka nitume picha ya karatasi ya mshahara, nikatuma. Wa tano alisema picha haionekani vizuri. Wa sita alikata simu. Wa saba, Mungu amsamehe, aliniuliza kama nina uhakika kwamba nilifanya kazi pale.

Barua ya pili ikasema nisipolipa, deni litapelekwa kwa wakusanya madeni.

Mama alikuwa anasikia yote haya kutoka kwenye kiti chake. Maneno yalikuwa yameanza kumrudia, na aliyatumia kunihoji.

“Walikupa, ao walikukopesha?”

“Walinipa, mama.”

“Sasa juu ya nini wanaomba?”

“Niliondoka mbele ya wakati.”

“Uliondoka juu yangu.”

“Hapana, mama. Usiseme hivyo.”

“Leta simu. Niongee nao mimi.”

Alikuwa anaongea neno moja kwa dakika, kwa Kiswahili cha kwetu milimani, bila Kiingereza hata cha kuomba maji, na alikuwa anataka simu. Nilikwenda jikoni nikafunga mlango nikauma kitambaa cha vyombo. Ukimuuguza mzazi unachoka mwili, lakini kinachokuchosha zaidi ni kuficha hasira ambayo si yake.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi katika kliniki ya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, siku tatu kwa wiki, mshahara mdogo kuliko wa Louisville. Mke wa mdogo wangu alibadilisha zamu zake tukawa tunapokezana mama. Yule mama aliyenihoji kwa ajili ya kazi alipoanza kusema, “Tuna pia bonasi kwa…”, nilisema hapana kabla hajamaliza sentensi. Alinitazama kama mtu aliyekataa chakula kwenye harusi.

Mwezi wa sita mkataba wa nyumba yetu Louisville ulikuwa unaisha, nikaenda kuwachukua mume wangu na watoto. Njia inapita Columbus. Pale Columbus anakaa mjomba, kaka mdogo wa mama, shemasi wa kanisa, anayefanya kazi kwenye ghala la vifurushi. Nilipanga nilale kwake usiku mmoja tu kisha niendelee. Lakini nilipomweleza habari za simu saba, aliweka kikombe chini.

“Bon. Ile ofisi iko wapi?”

“Hapa hapa Columbus, mjomba. Lakini hawapokei watu. Ni simu tu.”

“Ni nyumba ao haiko nyumba?”

“Ni nyumba.”

“Iko na mulango?”

“Iko nao.”

“Donc tunaenda. Mutu anaweza kukatala simu. Mutu mwenye anakuona na macho, kumukatala ni kazi ya nguvu.”

Nilijaribu kumzuia. Nilimwambia hii ni Amerika, mambo hayaendi hivyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya. Niliijua suti yake ya kahawia, nilijua atavaa tai, nilijua atabeba ile bahasha kubwa anayowekea karatasi zote za ukoo, kuanzia kadi za chanjo za kambini. Asubuhi akatoka zamu ya usiku ghalani, hakulala, akaoga, akavaa suti ya kahawia, akafunga tai, akachukua bahasha.

Jengo lilikuwa kando ya barabara kuu, vioo vitupu. Ndani palikuwa na meza moja na mlinzi mmoja, mrefu mwembamba, mwenye ndevu zilizopakwa hina. Nilimweleza kwa Kiingereza. Akauliza kama nina miadi. Sina. Basi, alisema, haiwezekani, kuna namba ya simu. Alinipa kadi. Ilikuwa namba ile ile.

Mjomba akaketi kwenye kochi, akaweka bahasha magotini.

“Mwambie tutangoja,” aliniambia.

“Mjomba, tutangoja nini?”

“Mutu. Si kuko batu umu ndani? Watatoka kukula.”

Mlinzi akageuka. “Nyinyi ni Waswahili?”

Alikuwa Msomali, amekulia kambini Kenya miaka kumi na minne. Kiswahili chake kilikuwa cha Kikenya, kinakimbia. Aliuliza tulikuwa kambi gani, mjomba akamtajia, wakaanza kulinganisha foleni za maji na ukubwa wa vibaba vya mahindi kana kwamba walisoma shule moja. Mimi nilikuwa naangalia saa. Nilikuwa na safari ya saa nyingine tatu na zaidi. Baada ya kama saa moja, mlinzi akasema, “Mzee, ngoja kidogo. Kuna mama mmoja ako hesabu, huyo ni mtu. Nitamwitia.”

Akapiga simu ya mezani. Akashuka mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, kompyuta kwapani. Alisema ana dakika kumi. Nilianza kueleza, haraka haraka, kama ninavyotoa taarifa ya mgonjwa wakati wa kubadilisha zamu. Mjomba akaninyooshea mkono ningoje kidogo.

“Nasema mimi kwanza. Wewe utatafsiri.”

“Mjomba, ana dakika kumi.”

“Mwambie hivi. Kwetu milimani mutu akikupa ngombe, siku moja utamurudishia ndama. Ile tunajua, haiko shida. Lakini hii ngombe yao, mbele ifike kwa huyu mutoto wetu, serikali ilishakata mguu njiani. Mutoto alipokea ngombe ya miguu tatu. Sasa banamuomba arudishe ngombe ya miguu ine. Ule mguu wa ine atautoa wapi?”

Nilimgeukia yule mama nikasema, “Mjomba wangu anauliza kuhusu kodi.”

“Ah, hapana mama,” mlinzi akadakia. “Umemuacha ng'ombe.”

Na yeye, amesimama nyuma ya meza yake, akaisimulia yote kwa Kiingereza, miguu mitatu na mguu wa nne, kwa ufundi ambao mimi nisingeuweza. Nilitamani sakafu ipasuke. Mwanamke yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa miwani yake, akaketi kwenye kochi karibu na mjomba, akafungua kompyuta.

Kuhusu mguu wa nne alisema hawezi kitu. Mwaka wa kodi ambao nilipokea bonasi ulikuwa umefungwa, kwa hiyo kampuni inadai kiasi kizima, na mimi mwenyewe nikawadai watu wa kodi. Alisema yeye pia haoni haki hapo, lakini si yeye aliyeandika. Nikamwonyesha karatasi ya mshahara yenye sifuri. Akatafuta. Akaniuliza tarehe ya kuzaliwa.

“Tarehe moja, mwezi wa kwanza.”

Akapiga vidole kwenye kompyuta, akakunja uso. Akauliza tena jina langu la ukoo, akaangalia.

“Kuna mfanyakazi mwingine,” alisema polepole. “Jina lake la ukoo ni kama lako. Tarehe ya kuzaliwa ile ile, mwaka ule ule. Siwezi kukuambia zaidi. Lakini pesa zako ziliandikwa kwake.”

Nilimtafsiria mjomba. Akashangaa kwamba mtu anashangaa.

“Mwambie sisi wote tulizaliwa ile siku,” alisema. “Mimi pia. Mama yako pia. Hatukujua tarehe, ule wa ofisi ya wakimbizi njo alituzalisha.”

Mlinzi akacheka mpaka akaegemea meza. “Hata mimi,” alisema, akatoa kitambulisho chake akamwonyesha yule mama. Tarehe moja, mwezi wa kwanza.

Simu saba. Miezi mitatu. Watu saba walikuwa wameniuliza tarehe ya kuzaliwa, wakaiandika, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza inakuwaje watu wawili wenye jina moja wazaliwe siku ya mwaka mpya. Yule mama alirekebisha pale pale. Deni likawa elfu nane na mia moja. Akaniandikia mpango wa kulipa dola mia nne na hamsini kwa mwezi, miezi kumi na minane, bila riba, akauchapisha, akausaini kwa kalamu, akampa mjomba nakala yake kwa sababu mjomba alikuwa amenyoosha mkono. Nakala ikaingia kwenye bahasha pamoja na kadi za chanjo.

Ndani ya gari mjomba alisema, “Umeona?” Kisha akalala usingizi hapo hapo, tai shingoni. Mimi niliendesha kumrudisha kwake nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilikuwa nimesaidiwa, na bado nilikuwa nalipa.

Tulihamia Buffalo wote. Mume wangu alipata kazi kwenye kiwanda Lackawanna, anaendesha mashine ya kuinua mizigo. Binti yetu, aliyeacha marafiki Iroquois, alinijibu kwa Kiingereza kwa miezi mizima, kifupi kifupi, hata nilipomuuliza kwa Kiswahili kama ameshiba. Kila tarehe tano mia nne na hamsini zilitoka benki. Siku hiyo mume wangu alikuwa anakuja mezani, anakula, anakwenda kukoroma kabla sijaosha vyombo. Mama naye alianza kuniwekea noti ya dola ishirini chini ya kikombe changu kila mwezi, kutoka kwenye hela yake ya serikali. Nilimrudishia. Akaiweka tena. Nilipomrudishia mara ya tatu alilia, kwa hiyo nikaanza kuzipokea, na zilinichoma kuliko zile mia nne na hamsini.

Mwaka wa pili wa kulipa, msichana mmoja wa kanisani kwetu alimaliza unesi. Hospitali moja ya hapa ikamwahidi bonasi, naye akaja kwangu Jumamosi na mkataba umechapishwa, kwa kuwa kanisa zima lilikuwa linajua habari zangu. Tuliketi mezani tukausoma neno kwa neno. Nilijua pa kutafuta. Nilimwonyesha: hapa, uone, utarudisha yote hata ukibakiza mwezi mmoja. Nilimhubiria nusu saa. Nilimwambia akatae bonasi, achukue mshahara tu.

Hakubishana. Jumatatu aliwapigia simu akauliza kama wanaweza kubadilisha kifungu kile, ili kila mwezi atakaofanya kazi upunguze deni, na arudishe kile tu kilichofika mkononi. Jumatano wakambadilishia.

“Walisema sawa tu,” aliniambia, macho yanang'aa. “Asante sana, dada. Bila wewe nisingeuliza.”

Nilimpongeza. Nilimkumbatia. Alipoondoka nilibaki nimekaa pale mezani mpaka mama akaniuliza kama naumwa. Kumbe mtu anaweza kuuliza. Katika miaka yangu yote ya kambi na ofisi, sijawahi kupewa karatasi ambayo ilikuwa inangoja maoni yangu. Ukipewa karatasi unasaini, unashukuru, unaondoka kabla hawajabadilisha nia. Haikunijia hata kidogo kwamba zile kurasa tisa zilikuwa mwanzo wa mazungumzo. Na yule mtoto, aliyekuja hapa akiwa na miaka saba, alijua bila kufundishwa. Nilimwonea wivu wa wazi wazi, na sijaungama kwa mchungaji.

Malipo ya mwisho yalitoka mwezi wa kumi na mbili. Nilipiga simu kuomba barua ya kuthibitisha kwamba nimemaliza. Piano ikapigwa. Wakasema siku thelathini. Ilichukua hamsini, na barua ilipofika ilikuwa na jina langu limegeuzwa mbele nyuma, lakini salio lilikuwa sifuri. Watu wa kodi nao walinirudishia kiasi, baada ya Mrundi mmoja anayejaza fomu za watu kunitoza dola mia mbili kwa fomu ambayo alikiri hajawahi kuijaza. Kilichorudi hakikufika hata nusu ya ule mguu.

Nilimpigia mjomba kumwambia kwamba yameisha. Aliniuliza kama nimemwandikia yule mama wa Columbus kumshukuru. Sikuwa nimemwandikia. Akaniambia ni aibu, na kwamba yeye alishampelekea yule mlinzi sanduku la ndizi siku ya Idi.

Niliandika kadi. Niliiandika kwa kununa, mistari mitatu, nikiwa nimesimama jikoni, huku mama sebuleni anamgombeza kijana wa mazoezi kwamba leo tena hakusalimia.